Mashine ya kopi imegoma: anza na dalili, spea baadaye

Simu nyingi ninazopigiwa asubuhi zinaanza na maneno yaleyale: "Fundi, mashine imekufa." Nauliza, "Dada, taa zinawaka?" Zinawaka. "Ukibonyeza inavuta karatasi?" Inavuta. "Sasa imekufaje?" Hapo ndipo tunaanza kuelewana. Karatasi inakwama kila baada ya kopi tano, au kopi inatoka na mstari mweusi, au kuna namba imejitokeza kwenye skrini na mashine haitaki kuendelea. Hayo ni matatizo matatu tofauti. Moja linaisha kwa kitambaa chenye maji kidogo, jingine linaweza kukutoa laki kadhaa.

Ninatengeneza mashine hizi Dar es Salaam, kuanzia ofisi za Posta zenye kiyoyozi hadi steshenari za Mwenge na Ubungo zinazokula vumbi la barabarani mchana kutwa. Ninayoyakuta ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu iliyozoeleka inatangulia, ile ya nadra inakuja mwisho. Fuata mpangilio huo. Nimeona ofisi nyingi zikinunua drama, ile silinda inayobeba picha ya kopi, kwa tatizo la karatasi, na inaniuma kila mara kwa sababu pesa hiyo hairudi.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha skrini ikiwa bado inaonyesha hitilafu. Andika namba ya mita, yaani jumla ya kopi ambazo mashine imetoa tangu ilipoanza kazi. Halafu fanya majaribio matatu, dakika tano hazifiki.

Kwanza, chapa ukurasa kutoka kwenye kompyuta, au ripoti ya ndani ya mashine kupitia menyu yake. Pili, weka karatasi juu ya kioo kikubwa, funika, toa kopi. Tatu, pitisha karatasi hiyohiyo kwenye fida ya juu, ile inayovuta karatasi zenyewe, utoe kopi tena.

Ukurasa wa kompyuta ukitoka safi lakini kopi ni mbaya, tatizo liko juu, kwenye kusoma: kioo, taa au fida. Zote tatu zikiwa mbaya kwa namna moja, tatizo liko chini, kwenye kuchapa: tona (wino wa unga), drama, joto (sehemu inayounguza wino ushike karatasi) au karatasi. Kopi ya kioo ikiwa safi na ya fida ikiwa mbaya, basi fida peke yake ndiyo yenye kesi. Ukimpa fundi taarifa hiyo kwenye simu, anajua abebe nini, na wewe hulipi nauli ya safari mbili.

Karatasi inakwama

Hakuna malalamiko yanayonifikia kwa wingi kama haya, na kwa hapa Dar mshukiwa wa kwanza ni karatasi yenyewe. Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, rimu iliyofunguliwa Ijumaa na kuachwa wazi, Jumatatu utaikuta na kingo za mawimbi. Chukua karatasi kumi, zilaze mezani, inama uzitazame kwa ubavu. Zikiwa zimejikunja pembeni, usitafute tena. Karatasi yenye unyevu hunatana na mwenzake, kwa hiyo mashine inavuta mbili kwa pamoja. Ikifika kwenye joto inajikunja. Wino nao haushiki sawasawa.

Toa zote kwenye trei. Fungua rimu mpya ya gramu 80, ipepee kidogo ili karatasi ziachane, toa kopi 20 mfululizo. Zikitoka zote, umemaliza kazi bila kulipa hata senti.

Baada ya hapo linda karatasi zako. Rimu isikae sakafuni wala isiegemee ukuta wa nje. Ibaki ndani ya ganda lake hadi siku ya kutumika. Steshenari moja ya Sinza hutumia ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko: kila jioni karatasi zilizobaki kwenye trei zinaingia humo, asubuhi zinarudi. Mashine yao ni ya mtumba na ina miaka mingi, lakini kukwama kwake ni kwa nadra. Mashine kubwa nyingi za ofisi pia zina nafasi ya hita ndogo ya kukausha trei. Muulize fundi kama yako inayo na kama imewashwa. Nimekuta nyingi zikiwa zimezimwa tangu siku ya kwanza.

Sababu ya pili ni upangaji. Vile vizuizi vya pembeni ndani ya trei vinatakiwa viiguse karatasi bila kuibana. Vikilegea karatasi inaingia mshazari. Vikibana sana haiingii. Usijaze trei kupita mstari uliowekwa. Na karatasi zilizotumika upande mmoja, ambazo ofisi nyingi huzirudisha ili kubana matumizi, zikague moja moja. Pini moja ya stepla ikipenya hadi kwenye drama, ule ubanaji wa mwaka mzima umeteketea.

Tatu ni kipande kilichobaki ndani. Dalili yake ni mashine kusema karatasi imekwama wakati wewe huoni kitu. Washa tochi ya simu, fungua milango yote, tazama njia nzima ya karatasi. Kipande cha ukubwa wa kucha kinatosha kushikilia kale kajiti kepesi ka plastiki ka sensa, na mashine itaamini karatasi bado ipo. Vipande hivi huachwa na mtu aliyevuta kwa hasira. Karatasi iliyokwama ivutwe taratibu kwa mikono miwili, kuelekea kule ilikokuwa inakwenda, si kurudi ilikotoka. Pale penye gurudumu la kijani au la buluu la kuzungushia, zungusha hilo badala ya kuvuta.

Nne ni rola za kuvutia karatasi kuchoka. Mpira wake ukiwa mpya una mkwaruzo kama ulimi wa paka; ukichoka unang'aa na kuteleza. Ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye maji kidogo yaliyokamuliwa. Usitumie petroli wala tina, zinaua mpira. Ikitulia wiki moja kisha ikarudia, badilisha. Ni spea ya bei nafuu, ila mwambie fundi abadilishe seti nzima ya trei hiyo, maana rola mpya ikifanya kazi na pedi iliyokwisha itachoka kabla ya wakati wake.

Mahali karatasi inapokwama pia panasema. Ikikwamia mwanzoni karibu na trei, fikiria karatasi na rola. Ikikwamia mwishoni na kutoka imekunjamana kama feni ya mkono, hapo ni kwenye joto.

Simama hapa: karatasi ikikwamia kwenye joto, usiingize mkasi, kisu wala bisibisi. Sehemu hiyo inafika karibu nyuzi joto 200, na ngozi yake ya nje huchanika kirahisi. Zima, chomoa waya, subiri nusu saa au zaidi. Kama karatasi haitoki kwa vidole, mwite fundi.

Mistari na madoa kwenye kopi

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi ya mawakili katikati ya mji. Kopi zao zilikuwa na mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini, na kwao huo haukuwa uzembe mdogo, kwa sababu nyaraka zilikuwa za kupelekwa mahakamani. Walikuwa wameshabadilisha drama mara mbili. Niliweka karatasi juu ya kioo kikubwa, nikatoa kopi: safi kabisa. Nikapitisha kwenye fida: mstari. Pembeni ya kioo kikubwa kuna kioo kingine chembamba, upana wake kama wa kidole kimoja, na fida husomea hapo. Niliinama na tochi nikaona doa jeupe dogo kuliko punje ya mchele. Lilikuwa wino wa kufutia makosa. Mtu alipitisha karatasi kabla haujakauka. Nililikwangua kwa ukucha, nikafuta kwa spiriti kidogo, mstari ukaondoka. Drama mbili zilikwenda bure kwa doa lile.

Kwa hiyo mstari wa fida peke yake ni kioo chembamba, karibu kila mara. Karatasi inapita juu yake wakati kisomaji kimetulia, ndiyo maana nukta moja inakuwa mstari mrefu. Kwenye kioo kikubwa kisomaji ndicho kinachotembea, kwa hiyo nukta hiyohiyo ingebaki nukta. Futa kioo hicho kila asubuhi. Kwa steshenari inayohudumia vyuo au shule wakati wa mitihani, futa hata mara tatu kwa siku.

Mstari ukiwepo hata kwenye ukurasa wa kompyuta, tunashuka chini. Mweusi mwembamba usiokatika mara nyingi ni mkwaruzo kwenye drama, au bledi ya kuisafishia imechanika, au rola ya chaji, ile inayoipa drama umeme, imechafuka. Mstari mweupe ni kinyume chake: kuna vumbi kwenye kioo cha leza, au divelopa, sehemu inayopeleka tona kwenye drama, imeziba mahali. Baadhi ya mashine huja na kijiti maalumu cha kusafishia kioo cha leza, kimewekwa ndani ya mlango wa mbele. Kitafute, wengi hawajui kipo.

Doa linalojirudia lina siri yake, nayo inapimwa kwa rula. Pima umbali kutoka doa moja hadi linalofuata. Kila kitu kinachozunguka ndani kina mzunguko wake, ambao ni kipenyo mara 3.14. Drama ya kipenyo cha milimita 30 itaacha doa kila baada ya milimita 94 hivi. Rola ya chaji ya milimita 12 itaacha doa kila baada ya milimita 38. Fundi mwenye kitabu cha mashine yako atajua kipimo kipi ni cha kifaa kipi. Akitaja drama bila kupima, mpe rula.

Kopi nzima ikiwa na kivuli cha kijivu nyuma ya maandishi, fikiria tona isiyo ya mashine hiyo, halafu drama au bledi iliyochoka. Hapa nina jambo la kusema kwa uzito. Kuna mafundi wanaochukua tona chafu kutoka kwenye chupa ya mabaki na kuirudisha kwenye mashine. Tona hiyo imebeba vumbi la karatasi na imepoteza uwezo wa kushika chaji. Inachafua divelopa, inachosha drama, na spea zitakazoharibika zitakugharimu kuliko tona mpya. Ukimwona anafanya hivyo, mzuie.

Simama hapa: usiguse drama kwa vidole wala kuiacha kwenye mwanga wa jua. Ukiitoa, ifunike kwa kitambaa cheusi au karatasi nene. Tona ikimwagika usiipulize kwa mdomo wala kwa bloa, na usiifute kwa maji ya moto, joto huigandisha. Tumia kitambaa kikavu kwanza, halafu maji ya baridi.

Kopi imefifia, nyeupe kabisa, au nyeusi kabisa

Kufifia kukianza taratibu kwa siku kadhaa, tona inaelekea kuisha. Toa kopo lake, litikise kwa kulilaza huku na huku, lirudishe. Pia tazama kama kuna mtu amewasha hali ya kubana tona kwenye mipangilio.

Kukitokea asubuhi tu na kupungua kadiri siku inavyokwenda, huo ni umande. Kiyoyozi kimekesha kikiwaka, mashine imekuwa baridi, milango inafunguliwa saa mbili, hewa nzito ya pwani inaingia na unyevu unaganda kwenye vioo na drama. Ni sawa na chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Usifute ndani. Washa mashine, iache nusu saa ipate joto lake, kisha jaribu. Na kiyoyozi kisielekezwe moja kwa moja kwenye mashine.

Kopi nyeupe kabisa mara tu baada ya kuweka tona au drama mpya: angalia kama utepe wa kuzibia umetolewa. Nyeupe bila kubadilisha kitu chochote, jaribu ukurasa wa kompyuta. Ukitoka vizuri, huenda umeweka karatasi kinyume, upande mtupu ukisomwa. Usipotoka, ni leza au umeme wa kuhamisha tona, na hiyo ni kazi ya fundi.

Nyeusi kabisa kwenye kopi lakini ukurasa wa kompyuta ni mzuri, taa ya kusomea haiwaki. Nyeusi kote kote, drama haipati chaji. Zote mbili zinahitaji fundi.

Jambo dogo linalokula tona kimyakimya: kutoa kopi ya kitambulisho mfuniko ukiwa wazi. Kando yote ya kadi inatoka nyeusi. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye kopo la tona huhesabiwa kwa ukurasa uliofunikwa na wino takribani asilimia 5 tu. Kopi moja yenye kando nyeusi inaweza kutumia tona ya kurasa 10 au zaidi. Steshenari inayotoa kopi za vitambulisho siku nzima ifundishe vijana wake kufunika.

Wino unafutika ukiugusa

Kama wino unabaki kwenye kidole, joto halijautosha. Anza na karatasi: nene ya vyeti imepitishwa wakati mashine imeambiwa ni karatasi ya kawaida. Badilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio, mashine itapunguza mwendo na kuongeza joto. Pili, umeme uko chini. Tatu, tona ya kujaziwa isiyoyeyuka kwa joto la mashine hiyo. Mwisho ni fyuza yenyewe, sehemu ya kuunguzia wino, usiichanganye na fyuzi ya umeme. Fyuza haifunguliwi na asiyeijua.

Namba imetokea na mashine imejifunga

Baadhi ya Canon huandika E000, Ricoh SC542, Kyocera C6000. Zote tatu ni habari za joto: fyuza haipandi inavyotakiwa au hita yake imekatika. Namba nyingine zinahusu mota, feni, kisomaji au mawasiliano ya ndani.

Kwa namba isiyo ya joto, zima kwa utaratibu, chomoa, hesabu dakika mbili, washa mara moja. Ikirudi, acha. Kuzima na kuwasha mara kumi hakuiponyi, na kunaweza kuongeza uharibifu.

Namba za joto ni habari nyingine. Mashine inajifunga kwa makusudi kwa sababu hita isiyodhibitiwa inaweza kuwasha moto. Kuna njia ya fundi ya kufuta namba hiyo, siku hizi inasambazwa kila mahali kwenye video. Mtu akiifuta bila kutafuta sababu, mashine itawaka, na utafurahi. Lakini kama sensa ya joto ndiyo iliyokufa, umeondolewa kinga na kuachiwa hatari. Muulize fundi swali moja: umepima nini kabla ya kufuta? Asipokuwa na jibu, usilipe.

Haiwaki, au inazima katikati ya kazi

Anza ukutani. Chomeka taa ya mezani kwenye soketi hiyohiyo. Angalia LUKU. Tazama waya wa mashine nyuma, pale unapoingia, mara nyingi umelegea baada ya kufagia.

Ikizima pale tu inapoanza kupata joto, umeme hautoshi. Fyuza ikipanda joto, mashine ya ofisi inaweza kuvuta wati 1,000 hadi 1,500. UPS ndogo ya kompyuta haiwezi mzigo huo, wala ekstensheni nyembamba inayoshirikiwa na birika la chai. Mashine ipewe soketi yake. Stebilaiza iwe na uwezo wa juu kuliko ulioandikwa kwenye kibati cha nyuma. Kama ni kilowati 1.5, mimi hushauri stebilaiza ya kVA 3. Umeme ukikatika, chomoa kabisa, kwa sababu unaporudi ndipo mabodi yanapoungua.

Kwa mashine za mtumba, soma kibati hicho kabla ya kulipa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia volti 100, za Marekani 110 hadi 120. Zetu ni 230. Kuna watu wamechomeka na kusikia mlio mmoja tu.

Wadudu na mijusi nao wahesabu. Mijusi hupenda joto la bodi ya umeme, na mjusi mmoja akigusa nyaya mbili anaondoka na bodi. Usile karibu na mashine, ziba matundu ya trei ambazo hazipo, na usiweke mashine chini sakafuni.

Simama hapa: harufu ya kuungua, moshi, mlio wa cheche, au mashine iliyoingiwa na maji. Chomoa ukutani, usijaribu tena. Waliopata mafuriko maeneo kama Jangwani wanajua kishawishi cha kuwasha ili kuona kama bado iko hai. Matope yakiwa ndani, kuwasha ndiko kunakoiua.

Kelele na skana

Kelele ya kusaga ni gia au kopo la tona lisilokaa sawa. Litoe ulirudishe kwanza. Mlio wa kulia kama panya kwa kawaida ni rola kavu au bledi.

Skana ikigoma kutuma ghafla, mara nyingi mashine haina kosa. Mtu amebadilisha nywila ya kompyuta, kompyuta mpya imeletwa, au ruta imebadilishwa na anwani zikahama. Kwa wanaotuma kwa Gmail: tangu Mei 2022 Google iliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka kwenye vifaa vya namna hii, unatakiwa utengeneze nywila maalumu ya kifaa. Hiyo si kazi ya kulipia spea.

Utengeneze au uachane nayo

Usiangalie bei ya spea peke yake, igawe kwa kopi. Tuseme drama ni shilingi 240,000 na inatoa kopi 60,000. Hiyo ni shilingi 4 kwa kopi. Tona ya shilingi 90,000 inayotoa kopi 12,000 ni shilingi 7.5. Sasa una lugha ya kulinganisha. Drama ya bei nusu inayokufa kwenye kopi 15,000 ni shilingi 8 kwa kopi, maradufu ya ile uliyoiona ghali.

Hesabu hiyo haiwezekani bila daftari. Nunua daftari la kawaida, lifunge kwa uzi kwenye mguu wa meza ya mashine. Kila fundi akija aandike tarehe, namba ya mita, dalili, alichobadilisha na bei. Dai spea ya zamani ibaki kwako, iwe na alama ya kalamu. Dai risiti ya EFD. Uliza mapema kama bei uliyotajiwa ina VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18, ili usishtuke mwishoni.

Mimi humwambia mteja aachane na mashine pale spea zake zinapopatikana kwa kukata mashine nyingine tu, au fyuza na drama zinapohitajika kwa pamoja na jumla yake inapita nusu ya bei ya mashine nzima iliyo bora zaidi. Chini ya hapo, tengeneza.

Mkataba wa huduma

Kuna mikataba ya aina tatu inayozunguka mjini. Wa kwanza unalipia mikono tu, spea na tona ni zako. Wa pili unalipia kila kopi, na humo kuna fundi, spea na tona. Wa tatu unakodi mashine yenyewe. Wa pili ndio unaowafaa wengi wenye kazi nyingi, na ndio wenye mitego mingi.

Mtego mkubwa ni kiwango cha chini cha mwezi. Tuseme umekubali kopi 5,000 kwa shilingi 40: kila mwezi utalipa 200,000 hata usipozitoa. Ofisi inayotoa 2,000 inalipa shilingi 100 kwa kopi bila kujua. Soma mita yako miezi mitatu kabla ya kusaini, na chukua mwezi mdogo kuwa kipimo.

Halafu soma yasiyohusika. "Uharibifu wa umeme" ukiwemo humo, na ukiwa huna stebilaiza, kwa Dar umebaki na mkataba wa kufuta vumbi. Tazama kama drama na fyuza zimetajwa kwa majina. Uliza kama A3 inahesabiwa kopi moja au mbili, na kama skana inahesabiwa. "Huduma ya haraka" haina maana mpaka iandikwe saa ngapi, tena ielezwe kama ni saa za fundi kufika au za mashine kupona. Shule inayochapa mitihani iombe mashine ya akiba, iandikwe. Usomaji wa mita ufanywe na watu wawili, wako na wao, na kila mmoja asaini kwenye lile daftari.

Kifungu ambacho sijakiona kwenye mikataba mingi kinahusu diski ya ndani. Mashine nyingi za ofisi huhifadhi picha za nyaraka zilizopita: mishahara, vyeti, vitambulisho, mafaili ya wagonjwa. Mkataba ukiisha, mashine ya kukodi inaondoka nazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za wateja wako ni dhamana yako. Iandikwe kwamba diski itafutwa mbele yako, au itolewe ubaki nayo, kabla mashine haijapandishwa kwenye kirikuu.